Nyumba Iliyokataa Hesabu

Penrith, Sydney
9 Februari 2025

Susu, bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee mama, usimwonyeshe Mchungaji, na tafadhali sana isimfikie shangazi Mbula, kwa sababu ikimfikia yeye imefika kwenye kundi la simu la ukoo, na humo wamo binamu wa hapa Sydney wanaojuana na watu wa ofisini kwangu. Ukishaisoma, itie ndani ya Biblia. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako hupokelewa na kila mtu isipokuwa wewe.

Sasa nakwambia. Nimepata kazi ya ukarani Parramatta, nusu saa kwa treni kutoka hapa Penrith. Ofisi yetu huwatafutia watu mababu zao. Mtu analeta jina, sisi tunapekua vitabu vya zamani vya sensa, vizazi, ndoa na vifo, halafu tunampa mti wa ukoo wake, umepigwa chapa na kutiwa fremu. Mimi ndiye karani mdogo kuliko wote. Niko kwenye majaribio ya miezi sita, na kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea kazi hiyo. Siku ya kwanza mkuu wetu, Bi. Pauline, alinisomea masharti. Karani hatafuti ukoo wake mwenyewe kwa vitabu vya ofisi. Karani hawaendei watu walio hai. Nikatia saini. Nikamwomba msamaha hata kabla sijafanya kosa lolote.

Na kosa nataka kulifanya, Susu.

Tangu utotoni nakusikia ukisema kwamba babu ya baba yako, Ndambuki, alitoka hapo Rabai akapanda meli Mombasa, akawa mchochea makaa, na meli ikamshusha Sydney asirudi tena. Nilidhani ni maneno ya kutulaza. Wiki iliyopita nimegundua kwamba ofisi yetu ina nakala za sensa ya 1891 ya mji huu. Karatasi ambazo watu wenyewe walijaza zilipotea zamani. Vilivyosalia ni vitabu vya makarani waliopita mlango kwa mlango, na kila mstari una mambo machache tu: jina la mwenye nyumba, mtaa, wanaume wangapi, wanawake wangapi.

Kwa hiyo nijibu haya. Alitumia jina gani melini? Aliondoka mwaka gani? Na nyumbani kwake huku walikuwa watu wangapi? Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Mjukuu wako na somo yako,
Mutanu


Rabai
14 Machi 2025

Somo yangu,

Marahaba. Mlango nimeufunga. Nimejifungia na kuku wangu, nao hawana simu.

Nimeisoma barua yako kwa ile lenzi yangu, na kwa kalamu nyekundu. Mwandiko mzuri. Hofu nyingi. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na minne, na mtoto anayeomba msamaha kabla ya kosa huwa amekwisha kulifanya. Basi lifanye vizuri.

Nitakwambia kwa nini nimeamua kukujibu. Kaka yako Musembi amepata mtoto wa kiume. Mpaka leo anaitwa Mtoto. Nilimwomba Musembi ampe jina la Ndambuki, akakubali kwa furaha. Lakini Mzee Kalii alisimama kwenye kikao cha ukoo, ameshika fimbo yake kama anatuchunga, akasema: "Jina la mtu asiyejulikana alikolala haliitwi. Yule alimkimbia mke mwenye mimba. Mnataka na mtoto huyu akue akikimbia?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimba hiyo ndiyo iliyomzaa babu yangu.

Ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Tukifika siku hiyo bila kujua Ndambuki amelala wapi, mtoto atapewa jina jingine. Mimi nina miaka themanini na minane. Hakuna mwingine wa kulidai jina hilo nikiondoka.

Haya, majibu. Wamisheni walimbatiza Gideon, na Thomas alilichukua kwa mzungu aliyempeleka bandarini. Aliondoka mwaka 1880. Na sasa nakuambia neno ambalo bibi yangu alinikataza kulisema. Miaka kumi baadaye mpishi mmoja wa meli, kijana wa Kisauni, alileta ujumbe wake. Wanawake wa nyumba yetu waliukariri, wakarithishana, na hawakumwambia mwanamume yeyote, kwa aibu. Nami nakupa kama nilivyopewa:

"Mwambieni mama niko nchi kavu. Nyumba yangu iko karibu na gati. Mke wangu wa huku ni Ellen. Kitavi anapanda kuta, Mutanu anambeba mdogo wake, Mbithe anakohoa, Syombua ni mkaidi, Nzioka bado ananyonya. Nikipata njia nitakuja."

Njia hakuipata. Umeuliza walikuwa wangapi. Nimekutajia majina.

Susu yako,
Mutanu mkubwa


Penrith
19 Aprili 2025

Susu,

Shikamoo. Nimempata! Nimempata, nimempata.

Ngoja nieleze kwa utaratibu. Nilitafuta wakati wa chakula cha mchana, kwenye faharasa ya kompyuta, huku Déo akinilindia mlango. Déo ni Mrundi, alikulia kambini Tanzania. Anafanya kazi chumba cha filamu, zile picha ndogo za vitabu vya zamani, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya siri hapa ofisini. Akisikia viatu vya Bi. Pauline anaanza kuimba pambio la kanisani kwao, nami nafunga ukurasa.

Nilichukua majina yale nikahesabu. Watoto watano, baba na mama. Saba. Wanaume watatu, wanawake wanne. Nikakuta wenye nyumba watatu walioandikwa G. Thomas. Wa kwanza ana duka Newtown, mbali na maji, nikamwacha. Wa pili yuko Pyrmont, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, hakuna watoto, nikamwacha. Wa tatu, Susu, yuko Balmain, hatua chache kutoka gatini. Wanaume watatu. Wanawake wanne. Imekaa kama kifuniko juu ya chungu chake!

Niliingia chooni nikapiga kigelegele kimyakimya, kama kinawezekana. Déo akaniuliza nje ya mlango, "Dada, unaumwa?"

Mwambie Mzee Kalii. Usiseme habari imetoka kwangu, lakini mwambie.

Mutanu


Penrith
11 Mei 2025

Susu,

Kama hujamwambia mtu, tafadhali usimwambie. Naandika haraka nikiomba barua hii iipite ile nyingine njiani.

Yule wa Balmain si wetu. Nilitafuta mambo yake zaidi, kaburi na picha, nikakuta kitukuu wake ameweka picha ya familia mahali pa watu wote kuona. Ni seremala kutoka Wales. Ana ndevu nyekundu mpaka kifuani. Watoto wake wameketi mbele yake, ni watano kweli, na hakuna hata mmoja anayefanana na mtu wa Rabai.

Nimefanya kosa la karani mjinga. Niliona namba inakaa nikaacha kuangalia mtu. Waliobaki ni mwenye duka, ambaye nimethibitisha alizaliwa hapa hapa, na yule wa Pyrmont asiye na watoto. Labda siku ya sensa Ndambuki alikuwa baharini. Labda hakuwahi kuandikwa mahali popote. Watu kama sisi mara nyingi hawakuandikwa.

Na Bi. Pauline juzi ameuliza mbele ya wote nani amekuwa akifungua sensa ya 1891. Nilitazama meza. Majaribio yangu yanaisha Agosti. Nafikiri niache, Susu. Nisamehe.

Mutanu


Rabai
8 Juni 2025

Somo yangu,

Barua zako zimefika zikifuatana, lakini ya kwanza ilitangulia kwa siku sita, na siku sita zinamtosha mwanamke mwenye furaha. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia.

Ilipofika ya pili, nilivaa gauni langu la bluu, nikaenda kanisani, nikasimama wakati wa matangazo. Nikasema, "Nilikosea. Mtu yule hakuwa Ndambuki." Kalii akauliza kwa sauti, "Kwani alikuwa nani, Mwalimu?" Sikutaka kudanganya ndani ya kanisa. Nikasema alikuwa seremala mwenye ndevu nyekundu. Tangu siku hiyo vijana wakiniona njiani wanajishika videvu. Acha wajishike. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta mbele ya darasa zima. Hafuti wakati wa mapumziko.

Jina lako sikulitaja.

Sasa nijibu wewe. Nani alikuambia saba? Mimi sikusema saba. Bibi yangu hakusema saba. Ndambuki mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kujisifu, hakusema. Umesoma mpaka chuo kikuu, umesahau ulivyofinywa paja ulipowahesabu wadogo zako kwa kidole pale barazani? Watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu unamwonyesha mwenye husuda pa kupunguza. Mbuzi wanahesabiwa, tena kwa minong'ono.

Sikiliza jambo la kazi. Mwaka 1969 serikali ilitufanya sisi walimu kuwa makarani wa sensa. Boma la kwanza nililoingia, mama mmoja aliniambia yuko peke yake. Nyuma ya nyumba nasikia watoto wanagombania uji! Nikamwambia, "Mama, na hao?" Akasema, "Hao ni upepo. Andika mimi." Nikaandika mmoja. Msimamizi akanigombeza, nikarudi siku ya pili nikajifunza kuuliza majina badala ya idadi. Kwa majina alinitajia wote, mpaka yule aliyekwenda kuchunga. Lakini kwenye karatasi ya siku ya kwanza, mama yule hakuwa na watoto. Na pembeni niliandika kwa penseli kwamba nimewasikia, maana sikutaka kuonekana mvivu.

Kama Ndambuki alikuwa mtoto wa mama yake, alimjibu karani wako hivyo hivyo. Usiitafute namba. Tafuta mlango ambao karani alishindwa.

Mutanu mkubwa


(Karatasi iliyoachwa juu ya kiibodi ya Mutanu)

Ijumaa, 4 Julai

Dada Mutanu,

Kwenye kompyuta mambo ya pembeni hawajaandika, wamechukua tu majina na namba. Ukitaka kuona mkono wa karani mwenyewe ni lazima bobini, ile filamu yenyewe. Nimekutafutia ya Pyrmont, iko kwenye mashine ya mwisho, ile yenye balbu mbaya. Shefu wetu, Bi. Pauline, anaenda kwa daktari wa meno saa saba, atarudi amevimba, hataongea na mtu.

Lakini wewe ni mtu wa ajabu! Nimeona umesaini kitabu cha maombi ya filamu na jina lako lote na saa yote. Mwizi gani anasaini?

Hii habari ya susu yako kuhusu kuhesabiwa imenichekesha mpaka nikakumbuka nyumbani. Sisi kambini tulihesabiwa mpaka kuku wakatuonea huruma. Mama alikuwa anasema kila wakituhesabu, "Bwana, usisikilize." Nami nilidhani anaomba chakula.

Kimbia kabla ya saa nane.

Déo


Penrith
27 Julai 2025

Susu yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kaa kwenye kiti kile chenye mgongo. Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi. Safari hii sikutaka kukutumia namba. Nilitaka kukutumia mtu.

Nilikwenda kwenye ile mashine yenye balbu mbaya. Nikazungusha filamu mpaka Pyrmont, mtaa wa pili kutoka gatini. G. Thomas. Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, kama ilivyo kwenye kompyuta. Na pembeni, kwa penseli iliyofifia, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka kusimama mlangoni, karani ameandika maneno haya, nami nayageuza kwa Kiswahili: *Mtu mweusi, mchochea makaa. Watoto wanasikika uani. Hataki kabisa wahesabiwe. Mke anacheka tu.*

Susu, alimwambia ni upepo.

Nilisoma mstari ule mpaka Déo akaja kunigusa bega. Halafu nikafanya ulivyosema. Niliacha idadi nikatafuta majina. Nilikwenda kwenye vitabu vya vizazi, baba Gideon, mama Ellen, Pyrmont. Wote wapo. Mbele wana majina ya Kizungu ya kuwaridhisha makarani, nyuma wana yetu. William Kitavi. Alice Mutanu. Rose Mbithe. Ada Syombua. Thomas Nzioka. Kwa mpangilio ule ule wa ujumbe wenu. Wanawake wa nyumba yetu walibeba orodha ile vichwani miaka mia na thelathini na tano, bila karatasi, na hawakudondosha hata mtoto mmoja.

Hapo ningeweza kukoma. Hapo nilikuwa nimevunja sharti moja tu. Lakini Mzee Kalii aliuliza amelala wapi, na hilo vitabu vyetu havikunipa. Nikamfuata Alice Mutanu: ndoa yake, watoto wake, mpaka tangazo la msiba la miaka ya karibuni likanipa jina la mjukuu wake aliye hai. Bi. Valerie, miaka themanini na moja, Bankstown.

Jumamosi nilikwenda. Déo alinisindikiza, akasema mtu mwenye sura yangu ya hofu akigonga peke yake ataitiwa polisi. Ni nyumba ya matofali yenye waridi mbele. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo bado umefungwa, jicho moja likatutazama. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, nakuandikia kwa chetu.

"Kama ni wale wa umeme, sibadilishi."

"Si umeme, mama. Naitwa Mutanu, nimetoka..."

"Nani amekupa jina langu la katikati?"

Nikasema hakuna aliyenipa, ni langu. Akasema ni lake. Nikatoa kitambulisho, nikakipitisha kwenye ufa wa mlango. Akaenda nacho ndani kutafuta miwani. Tukasimama. Déo akaninong'oneza, "Amechukua kitambulisho na hatarudi. Familia yenu ni hodari." Kisha mnyororo ukafunguliwa.

Valerie Mutanu. Kwao, binti wa kwanza hupewa jina hilo nyuma, na hakuna aliyejua kwa nini. Shuleni walipomcheka aliwaambia ni la Kifaransa. Ngozi yake ni nyeupe kuliko chaki yako, lakini paji la uso, Susu, ni lako. Nilishindwa kunywa chai kwa kulitazama.

Nikamwonyesha nakala ya ule ukurasa. Nilikuwa sijamweleza chochote kuhusu kuhesabu. Kwa woga tu wa kutafuta la kusema, nikamuuliza ana wajukuu wangapi.

"Wa kutosha kumaliza keki," akasema.

Déo akanikanyaga mguu chini ya meza. Bi. Valerie akaona. Akasema, "Samahani, kwetu hatusemi. Ni kichaa cha familia. Bibi yangu Alice alikuwa na kijiko cha mti. Ukihesabu watoto mezani, unakipata cha vidole. Alifundishwa na baba yake. Mpaka leo wanangu wakipiga picha ya Krismasi hawaniambii tuko wangapi, wananiambia tu kama kiti hakitoshi." Halafu akasoma yale maneno ya penseli. Akasema, "Kumbe si kichaa."

Nikamwambia, "Si kichaa, bibi. Ni Rabai."

Akaenda chumbani akarudi na picha ya kaburi. Amelala Rookwood, Susu, kwenye makaburi makubwa ya mji huu, na jiwe lipo. Jumapili tulikwenda wote watatu, nikalifuta kwa leso yangu. Limeandikwa: *Gideon Thomas, mzaliwa wa Rabai, Afrika Mashariki, 1919.* Hakuficha kwao. Alikuandikieni anwani yenu kwenye jiwe.

Picha ya jiwe, nakala ya ukurasa na nakala za vizazi zimo ndani ya bahasha hii. Mwonyeshe Kalii. Mwonyeshe shangazi Mbula. Siombi siri tena, kwa sababu keshokutwa nitamwambia Bi. Pauline mwenyewe kila kitu, kabla hajaambiwa na mwingine. Nimekuwa nikiogopa tangu Februari, na tangu Juni nimekuwa nikikuona na gauni la bluu, umesimama wakati wa matangazo. Kama kibali kitaondoka, kiondoke. Nitafuta mbele ya darasa.

Somo yako,
Mutanu


Rabai
6 Oktoba 2025

Somo yangu,

Mtoto anaitwa Ndambuki.

Naanza hapo kwa sababu najua umeruka mistari kulitafuta. Sasa rudi usome kwa utulivu.

Bahasha yako niliifungua mlango ukiwa wazi. Nilimpelekea Kalii picha ya jiwe kwake, mimi na fimbo yangu, nikamkuta anakula. Aliishika picha karibu na pua, akaisoma neno kwa neno: mzaliwa wa Rabai. Akanawa mikono. Akasema, "Mwalimu, huyu hakukimbia. Mtu anayekimbia haandiki kwao juu ya kichwa chake." Nikamwambia kwamba Ndambuki alimkimbia mke wake wa hapa Rabai, na hilo tusilifute. Lakini kila usiku alikuwa akiwaita watoto wake kwa majina ya mama yake na baba yake. Kalii akaniomba yeye ndiye asimame.

Jana kanisani alisimama. Alilitamka jina. Akalirudia, na wanawake wakapiga vigelegele hivi kwamba Mchungaji aliweka Biblia chini akasubiri. Ndambuki alilia kwa hasira, ana mapafu ya mchochea makaa. Nikasoma ule ujumbe wa mpishi, wote, mbele ya wanaume. Nilipofika kwa Syombua mkaidi, mama yako alinitazama mimi. Waliojishika videvu walikuwa wamekaa nyuma. Niliwaita mmoja mmoja waje kuligusa jiwe kwenye picha.

Halafu Kalii, kwa kulewa furaha, akauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Na hao wa Sydney wako wangapi sasa?" Kanisa lote likaguna "Aaah!" Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hatapona kicheko hicho mpaka Pasaka.

Lakini furaha yangu ina mwiba. Tangu Julai sina neno lako. Ulisema utamwambia mkuu wako, kisha kimya. Je, kazi ipo? Kibali? Umelala wapi? Mimi ndiye niliyekutia katika jambo hili kwa kalamu nyekundu. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mutanu mkubwa


Parramatta, ofisini
3 Novemba 2025

Susu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Niliandika mara kadhaa nikachana, sikutaka kukuletea tena habari ambayo haijaiva.

Nilimwambia Bi. Pauline Jumanne ile. Nilisimama, sikukaa. Nilimwekea mezani kitabu cha maombi chenye saini zangu zote, ukurasa wa penseli, na jina la Bi. Valerie. Alisoma yote. Kisha akaniuliza, "Kwa nini ulisaini kila mara?" Nikasema ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu wa darasa la nne. Akaniambia niende nyumbani nisubiri barua.

Wiki tatu, Susu. Sikula vizuri. Déo alikuwa akija Penrith na wali wa maharage, anakaa mbele yangu mpaka sahani iishe.

Bi. Valerie ndiye aliyechoka kusubiri. Alikuja ofisini na wajukuu zake. Sitasema wangapi, ila viti vya mapokezi havikutosha. Akamwambia Bi. Pauline kwamba karani wake amevunja sharti, na kwamba yeye ndiye mtu aliye hai aliyeendewa, na analalamika jambo moja tu: kwamba hakuendewa mapema, kabla dada yake hajafa. Akamaliza kwa kumuuliza kama amewahi kuangalia pembeni mwa vitabu vyake.

Barua ilikuja, na zilikuwa mbili kwenye bahasha moja. Ya kwanza ni onyo, kali, la haki. Ya pili ni kazi ya kudumu. Nimezibana pamoja kwa pini moja. Kibali kimesalia. Na sasa nina kazi ambayo haikuwepo: mimi na Déo tunazipitia filamu zote za 1891, mlango kwa mlango, tukinakili maneno ya penseli ambayo kompyuta iliyaacha. Tumekwisha kupata nyumba nyingine ambazo karani alishindwa. Kila tukikuta moja Déo anasema, "Upepo!" na Bi. Pauline anakuja kutazama.

Jina la Ndambuki nimelibandika juu ya meza yangu, pamoja na ile picha uliyonitumia ya yeye akilia.

Sasa, ya kunipata. Usiandike tena kupitia sanduku la jirani wa Penrith, wala usimpe barua mtu asafiri nayo. Andika hapa ofisini, jina langu lote, kwa herufi kubwa kama za ubaoni. Ukitaka sauti, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga saa kumi na mbili asubuhi ya huko, kabla Mbula hajaamka. Huku itakuwa saa nane mchana, na Bi. Valerie huwa anakuja Jumatatu kusoma filamu nami, kwa hiyo Jumatatu ndiyo nzuri kuliko zote, utakuwa na Mutanu wawili kwenye simu moja. Itapokelewa kwa Kiingereza na msichana wa mapokezi. Usikate. Sema tu, "Mutanu." Atauliza yupi. Mwambie, "Yeyote." Wataniita kwa sauti mbele ya ofisi nzima, nami nitakuja.

Mutanu